Mkono usioshika raketi

Ukitazama mpira wa meza wa viti vya magurudumu kwa mara ya kwanza, macho yako yatafuata mkono wenye raketi. Nakuomba utazame ule mwingine. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Kampala, na vijana wengi ninaowahudumia waliumia uti wa mgongo kwenye ajali za bodaboda. Kazi yetu ya kwanza pamoja ni kujifunza kukaa. Kukaa tu, bila kuegemea. Wewe ukinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, misuli ya tumbo na mgongo huwa imeshakaza kabla hata mkono haujaondoka, ndiyo maana huanguki. Misuli hiyo ikiacha kupata amri ya ubongo, mkono ukienda mbele mwili nao unaufuata.

Kwa hiyo wachezaji wa viti wamegawanywa katika madaraja 5. Katika la 1 na la 2 hata mkono wa kuchezea una udhaifu, na wapo wanaofungiwa raketi kiganjani kwa bandeji. Daraja la 3 mikono ni mizuri lakini kiwiliwili hakishiki. La 4 kinashika kiasi. La 5 kinashika vizuri, miguu ndiyo yenye tatizo.

Sasa weka sheria juu ya hayo. Ukigusa meza kwa mkono wowote kabla ya kupiga mpira, pointi si yako. Mapaja yakiachana na kiti wakati wa kupiga, vivyo hivyo. Ukishapiga, mkono wa kuchezea unaweza kuegemea meza ili urudishe mizani, mradi meza isisogee. Umebaki na nini? Mkono mtupu, ulioshika gurudumu au kiti. Huo ndio nanga. Huo ndio unaokuacha uiname mbele na ndio unaokuvuta urudi kabla mpira haujarudi.

Na kuinama ni lazima. Mpira wa kuanzisha ukidunda upande wa mpokeaji ukatokea ubavuni mwa meza au ukarudi kuelekea wavuni, unarudiwa. Lazima utokee mwisho wa meza. Ila ulinzi huo ni wa mpira wa kuanzisha peke yake. Mchezo ukishawaka, mpinzani ana ruhusa ya kukudondoshea mpira nyuma tu ya wavu, mita 1.37 kutoka ukingo uliokaa wewe. Hakuna mkono wenye urefu huo. Hapo kiwiliwili hukopa nguvu kwa ule mkono mtupu.

Mchezaji ninayemtumia kufundishia haya ni Bhavina Patel wa India, daraja la 4. Alipata polio akiwa na umri wa mwaka mmoja, kijijini Sundhiya, jimbo la Gujarat. Alikwenda mjini Ahmedabad kujifunza kompyuta, na raketi aliishika huko kama burudani tu. Mwaka 2011 alipata medali ya fedha Thailand, mwaka 2013 akapata nyingine katika mashindano ya Asia mjini Beijing. Ulimwengu ulimjua Agosti 2021 huko Tokyo, kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, wakati sisi Uganda shule zetu bado zimefungwa kwa sababu ya korona na jioni lazima uwe ndani.

Mechi yake ya kwanza pale, hatua ya makundi, alifungwa na Zhou Ying wa China. Kwenye robo fainali akamtoa Borislava Perić-Ranković wa Serbia, bingwa wa Rio 2016, seti 3 kwa 0. Nusu fainali alikutana na Zhang Miao, Mchina ambaye Patel hakuwahi kumshinda katika mechi 11. Alianza kwa kupoteza 7-11, akachukua 11-7 na 11-4, akapoteza 9-11, akafunga kazi 11-8. Ile seti ya tano naipenda kupita kiasi. Mtu wa daraja la 4 kufika seti ya tano maana yake mgongo umeshachoka, na mgongo uliochoka huanza kuchelewa kurudi. Fainali Zhou Ying alimshinda tena, lakini fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya India katika mchezo huo kwenye Paralimpiki. Mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Birmingham. Paris 2024 alikwama robo fainali, na aliyemkwamisha ni Zhou Ying yule yule.

Fainali ya Birmingham alicheza na Mnigeria, Christiana Ikpeoyi. Kwa wanaume, dhahabu na fedha zote zilikwenda Nigeria, kwa Nasiru Sule na Isau Ogunkunle, na Ogunkunle akaongeza shaba ya Paralimpiki, Paris. Basi nisiambiwe kwamba mchezo huu haufiki Afrika.

Kinachotukwaza hapa ni viti. Tuliwahi kupewa msaada wa viti vipana, vyenye vishikio virefu vya mikono visivyong'oka. Kishikio kinagonga meza, mchezaji anabaki mbali, mpira mfupi anautazama tu. Tulimwita fundi akavikata kwa msumeno, na mto wa kukalia tukaushona wenyewe; sheria inaruhusu mito isiyozidi sentimita 15.

Binti mmoja ninayemfundisha alinikasirikia kwa majuma mawili kwa sababu nilimnyima raketi. Nilikuwa namrushia mipira karibu na wavu aiguse kwa vidole na kurudi wima, mkono wa kushoto kwenye gurudumu. "Musawo, huu si mchezo," aliniambia, yaani daktari kwa Kiganda. Jumamosi nilimpa raketi. Mpira wa nne ulidondoka mfupi kabisa. Aliufikia, akaupitisha, na nilipomtazama alikuwa ameshakaa wima, anasubiri wa tano.