Kimbunga kikipiga Karibi, si visiwa vyote vinavyofungwa

Kila msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: "Karibi imeharibika yote, ahirisheni safari." Si kweli. Kutoka Bahamas hadi Trinidad ni zaidi ya kilomita 2,000.

Chukua nchi ya Antigua na Barbuda. Septemba 2017 kimbunga Irma kilivunja sehemu kubwa ya majengo ya Barbuda, wakazi wakahamishiwa Antigua. Antigua, umbali wa kilomita 60 hivi, ndiko ziliko hoteli nyingi za nchi hiyo, na iliathirika kidogo tu; uwanja wake wa ndege ulifunguliwa tena muda si mrefu. Watalii wakighairi safari wakati huo, anayeumia ni dereva wa teksi na mhudumu wa hoteli.

Mkanganyiko unaeleweka. Barbuda hudhaniwa Barbados, ambayo ni nchi nyingine kabisa. Tena Septemba na Oktoba wageni hupungua hata bila dhoruba, kwa sababu wengi hukimbia baridi ya Ulaya na Marekani kati ya Desemba na Aprili.

Kabla ya kusambaza, tafuta jina la kisiwa, tazama ramani ya njia ya kimbunga, kisha orodha ya ndege zinazotua. Ujumbe usiotaja kisiwa wala tarehe, tafadhali usiupeleke mbele.