Yanayosemwa kwenye fremu yangu kuhusu programu za katuni

Nina fremu ya kuhariri video Mwanga, Kigoma mjini. Harusi ndizo zinazolipa kodi, ila vijana wengi siku hizi wanaulizia katuni, na wanakuja na maneno yale yale. Linaloniudhi zaidi ni hili: "Programu ya bure ni ya kuchezea."

Ya kuchezea! Flow, sinema ya Latvia ya paka anayekimbia mafuriko bila mtu kusema hata neno moja, imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni. Na bure hiyo iligharamiwa: mwaka 2002 kampuni iliyokuwa na Blender ilishafungwa, Mholanzi Ton Roosendaal akachangisha euro 100,000 kwa wiki saba ili programu iachiwe umma. Leseni yake haidai chochote kwa kazi unayoifanya. Tangazo ulilomtengenezea muuza mawese wa Ujiji ni lako, chukua hela yako.

Kwa hiyo wanaosema kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipa, ni ile ile ya kulipia siwaelewi. Mbali na kuvunja hakimiliki, kraki ni mlango wa virusi. Kwa video tu, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa hadi 4K. Unaiba ya nini?

Wengine wanaamini kompyuta inachora yenyewe. Inachofanya ni kujaza mwendo kati ya pozi mbili ulizoziweka wewe, na ukiiachia, mhusika wako anatembea kama anateleza kwenye barafu. Sekunde moja ya sinema ni picha 24. Wanaochora kwa mkono hupunguza kazi kwa kutumia kila mchoro mara mbili, na bado sekunde kumi ni michoro 120.

"Lazima mashine ya mamilioni." Hapa kuna ukweli kidogo. Wenye Blender wenyewe wanataja RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) ya GB 8 kuwa kima cha chini, na laptop ya GB 4 itakutesa. Lakini kwenye kuhariri, programu nyingi hukutengenezea nakala nyepesi za video; unakata na kupanga kwa hizo, mwishoni zile nzito zinarudi mahali pake.

Kazi ipo kwenye kurenda, yaani kompyuta kutengeneza picha za mwisho, moja baada ya nyingine. Dakika moja ni picha 1,440. Kila moja ikichukua dakika tano, ni saa 120, yaani siku tano mchana na usiku. Sasa umeme ukatike siku ya nne, nawe ulikuwa unarenda moja kwa moja kwenye faili la MP4: faili halifunguki, unaanza upya. Hilo lilinikuta, nikakaa wiki nzima sina hamu ya kuiona kompyuta. Siku hizi natoa picha moja moja za PNG kwenye folda. Umeme ukirudi, naangalia namba ya picha ya mwisho, naendelea na inayofuata, nikimaliza naziunganisha ziwe video.