Invincible Shield: kilichorudi kwa Judas Priest si kasi, ni nafasi

Bendi iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1974 ikisifiwa kuwa imerudi, swali la kwanza la watu huwa ni kama mwimbaji bado anafika juu. Kwa Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, jibu ni ndiyo, mwimbaji wao Rob Halford bado anafika. Lakini siyo sauti hiyo iliyoinyanyua bendi. Invincible Shield, albamu yao ya 19 iliyotoka tarehe 8 Machi 2024, inasimama kwa sababu kila chombo kimepewa mahali pake pa kukaa, jambo lililokuwa limewapotea kwa miaka mingi.

Nianze na kilichoharibika. Mwaka 1990 walitoa Painkiller chini ya mtayarishaji Chris Tsangarides, dramu za Scott Travis zikiwa mbele kabisa na magitaa yakikata kama wembe. Halford akaondoka 1992, akarudi 2003. Nostradamus ya 2008 ilikuwa albamu mbili kwa pamoja, imejaa vinanda na sauti za okestra, na bendi yenyewe ikamezwa humo ndani. Mwaka 2011 mpiga gitaa K.K. Downing alitoka, nafasi yake ikachukuliwa na Richie Faulkner. Redeemer of Souls ya 2014 ina nyimbo nzuri, tena kadhaa nzuri sana, ila ukiisikiliza ni kama bendi inapiga nyuma ya pazia: dramu ndogo, magitaa hayana makali.

Hali hiyo ina sababu ya kisayansi, na kila anayerekodi metali hukutana nayo. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi katika E unatoa Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi unatoa Hz 41. Kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, inaweka uzito wake karibu na Hz 60 hadi 80. Sasa mpiga gitaa anapoziba nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia, ule mkoromo unaotetemesha kifua unafurika kati ya Hz 100 na 200. Vyombo vitatu vinagombania chumba kimoja. Sauti za gitaa zilizo chini ya Hz 80 au 100 zisipokatwa, besi inazama, kiki inageuka kishindo kisicho na umbo, na anayemiksi anajikuta akipandisha kila kitu ili kila kitu kisikike. Mwishoni kifaa cha kubana sauti kinakata vilele vyote, na cha kwanza kufa ni sneya, ile dramu yenye mlio mkali, kwa sababu uhai wake wote uko kwenye pigo la kwanza lenye urefu wa milisekunde chache tu.

Tiba ilianza na albamu ya Firepower ya 2018. Walimrudisha Tom Allom, mtu aliyesimamia kazi zao kuanzia Unleashed in the East ya 1979 hadi Ram It Down ya 1988, wakamweka pamoja na Andy Sneap, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa wa metali na anajua mkoromo ule unatoka wapi. Bendi ikapiga ikiwa pamoja chumbani badala ya kila mmoja kuja na kipande chake. Tofauti yake si ndogo. Mpiga dramu mzuri hapigi juu ya mstari wa saa, yaani mapigo sawasawa ya kompyuta. Katika ubeti huchelewesha sneya kidogo, katika kiitikio huisogeza mbele, labda kwa milisekunde 10 au 15. Magitaa yakimfuata, wimbo unapata mwendo wa kutembea. Ukizisogeza dramu zote kwenye mstari kwa kompyuta baada ya magitaa kurekodiwa, kila noti inakuwa sahihi na wimbo unakosa uzito.

Katika Invincible Shield Sneap amekaa kiti cha mtayarishaji peke yake, na nadhani ameifanya kazi ile ile kwa ujasiri zaidi.

Chukua wimbo wa kwanza, Panic Attack. Unaanza na gitaa lenye sauti ya kinanda cha umeme, kumbukumbu ya wazi ya albamu yao Turbo ya 1986, kisha rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, inaingia. Vaa hedifoni, sikiliza sikio la kushoto peke yake, kisha la kulia. Utagundua kwamba hakuna gitaa moja kubwa. Upana wote unatokana na magitaa kupigwa mara zaidi ya moja na kutenganishwa kushoto na kulia, na zile tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazofungua nafasi katikati. Katikati humo ndimo wanamokaa Halford, sneya, kiki na besi ya Ian Hill. Hill si mpiga besi wa kujionyesha. Anashika noti ya msingi, anaigonga sawasawa na kiki, na ukimtoa wimbo mzima unabaki bati tupu.

Ukitaka kupata upana huo kwenye rekodi zako, piga rifu mara mbili kamili. Usinakili kipande kimoja na kukibandika upande wa pili, kwa maana nakala mbili zinazofanana ni gitaa moja lililoongezwa sauti, basi. Punguza distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, kwa robo ya ile unayoipenda ukiwa unapiga peke yako. Distosheni nyingi inabana sauti, inaficha pigo la kichaguzi (kibati cha kupigia nyuzi), na ukiirudufu inakuwa uji. Halafu unganisha pande zote mbili ziwe moja, usikilize. Magitaa yakipotea ghafla, kuna jambo limekosewa, mara nyingi maikrofoni mbili zinazofutana.

Sauti ya Halford inahitaji maelezo ya pekee. Albamu ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 72. Umri ukisogea, gegedu za zoloto hukakamaa, mikunjo ya sauti hupoteza unyumbufu, na pumzi hupungua. Mwimbaji anayelazimisha nyimbo zake zote zikae pale zilipokaa alipokuwa na miaka 30 atasikika akikabwa. Hapa beti nyingi zimeandikwa katika eneo la kati, ambako sauti yake imekuwa nene na yenye kutu ya kupendeza, na ukelele wa juu umetunzwa kwa mwisho wa mstari au kilele cha wimbo. Crown of Horns ndio mfano bora. Mwendo wake ni wa wastani, hakuna mbio, na katika kiitikio sauti yake imerudufiwa kwa tabaka ili upana uchukue kazi ambayo zamani ilifanywa na urefu. Ni uandishi wa mtu anayejiheshimu.

Kisha magitaa mawili, alama ya bendi hii tangu miaka ya 1970. Mara nyingi huenda kwa umbali wa noti tatu za skeli. Tuseme ufunguo ni A maina: la kwanza likipiga A, la pili liko C, la kwanza likienda B, la pili D, likienda C, la pili E. Hesabu nusutoni, hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti, uone: A hadi C ni 3, B hadi D ni 3, C hadi E ni 4. Umbali unabadilika. Ndiyo maana kifaa cha kuongeza sauti ya pili kilichowekwa nusutoni 4 bila kubadilika kitakutoa nje ya ufunguo mara kwa mara. Tatizo la pili ni mtetemo wa kidole: wapigaji wawili wakivuta uzi kwa viwango tofauti, noti zinapigana na unasikia mawimbi yasiyopendeza. Faulkner amejifunza mkono wa Glenn Tipton, mpiga gitaa mwenzake, kwa undani kiasi kwamba katika vipande vya pamoja hapo mshono hauonekani.

Na hilo lina uzito wake. Februari 2018 Tipton alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na Sneap akashika gitaa lake katika ziara. Septemba 2021 Faulkner mwenyewe alipasuka mshipa mkuu wa moyo akiwa jukwaani Louisville, Marekani, akamaliza wimbo, akakimbizwa kufanyiwa upasuaji. Tipton bado anashiriki kutunga. Ninaposikia rifu za albamu hii zikikatwa kwa usafi namna hii, siwezi kutenganisha usafi huo na mambo hayo.

Kasoro zipo. Sauti imebanwa zaidi ya nilivyotaka. Ukisikiliza albamu nzima bila kupumzika, masikio yanachoka karibu na wimbo wa nane. Usidhani kupandisha sauti kutasaidia. Ukitaka kuilinganisha na Redeemer of Souls kwa haki, acha huduma ya muziki isawazishe viwango vya nyimbo, maana sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri. Usitumie spika ya simu: chini ya Hz 200 haitoi karibu chochote, kwa hiyo hoja yote ya besi na kiki hutaisikia. Escape from Reality unasogea taratibu kuliko mwenzake yeyote hapa na wengi wataruka, lakini upe nafasi, kwani ndipo dramu za Travis zina hewa nyingi kuliko popote.

Toleo la kawaida lina nyimbo 11, na kubwa lina 3 za nyongeza. Ningechukua la kawaida. Linafungwa na Giants in the Sky, ambao katikati unanyamazisha umeme wote na kuliacha gitaa la nyuzi laini peke yake kwa muda mfupi. Magitaa makubwa yanaporudi, unajua mara moja ni nafasi kiasi gani yalikuwa yameachiwa.