Kitenzi kilichofichwa katika salamu za Kiarabu

Mwanafunzi mwenye lugha mama ya Kiswahili huanza Kiarabu akiwa na msamiati mwingi, lakini maneno hayo yana irabu ya mwisho isiyobadilika. Kitabu, hesabu, elimu na karamu yameishia "u" kwa kuwa konsonanti ya mwisho ni ya midomo, b au m. Habari, safari na fakiri yameishia "i". Hizo si irabu za nahau, zile ambazo katika Kiarabu huonyesha kazi ya neno katika sentensi. Ni Kiswahili tu kilichokataa neno liishie konsonanti. Ndiyo maana utasikia "qara'tu l-kitabu" (nimesoma kitabu) badala ya "l-kitaba", na "fi l-kitabu" badala ya "fi l-kitabi". Dawa ni kuchukua maneno hayohayo tunayoyajua, kila moja kulitungia sentensi tatu, likiwa marfuu (hali ya mtenda, mwisho "-u"), mansubu (hali ya mtendwa, mwisho "-a") na majruri (baada ya neno kama "fi", mwisho "-i"), kisha kuzisoma kwa sauti mpaka ulimi uache kuvutwa na "kitabu".

Baada ya hapo siendi kwenye majedwali ya nahau. Naenda kwenye salamu. Katika mazungumzo ya kila siku ya Waarabu irabu za mwisho zimeanguka karibu zote, lakini maneno ya adabu bado yanazo: ahlan, sahlan, shukran, afwan. Hata asiyejua kusoma hutamka "-an" hiyo.

Imetoka wapi? Maneno haya ni mansubu, na kilichoyafanya yawe hivyo ni kitenzi kisichotamkwa. "Ahlan wa sahlan" wananahau huikadiria hivi: *atayta ahlan wa wati'ta sahlan*, umewafikia watu wako na umekanyaga ardhi tambarare. Mtu aliyetoka safari ya jangwani anaambiwa kwamba hapa si mgeni, wala hatakwaa jiwe. "Marhaban" ni ya upana: umepata nafasi, hakuna kubanana. (Marahaba yetu ya kuitikia shikamoo asili yake ni hiyo.) "Shukran" ni *ashkuruka shukran*, kitenzi kimeachwa na masdari yake (jina la tendo) ikabaki peke yake. Kwa hiyo kila ukikuta "-an" isiyo na kitenzi, jiulize: kati ya msemaji na anayeambiwa, nani anafanya nini? Jibu ndilo kitenzi chako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Sura Hud, aya ya 69. Wajumbe walipomjia Nabii Ibrahim, *qalu salaman*. Naye *qala salamun*. Neno moja, irabu mbili. Salaman ni mansubu, nyuma yake kuna kitenzi, "tunakusalimu", na kitenzi ni tendo linalotukia na kupita. Salamun ni marfuu, ni mubtadaa (neno la kuanzia) wa jumla ya jina, yaani sentensi inayoanza na jina badala ya kitenzi, kama kusema "salamun alaykum", na jumla ya jina hutoa maana ya jambo lililothibiti, la kudumu. Wafasiri wakaona kwamba kwa dhumma mbili hizo (ile "-un" ya mwisho) Ibrahim amerudisha salamu bora kuliko aliyopewa. Aya haijaisha: hakukawia, akaleta ndama wa kuchomwa. Ukarimu ulianza kwenye irabu kabla ya kufika kwenye chakula.

Mtego mwingine uko kwenye dua. "Rahimahu Llah" na "baraka Llahu fika" zina kitenzi cha wakati uliopita, na wanafunzi wengi hutafsiri "Mungu alimrehemu". Sivyo. Umbo ni la wakati uliopita, maana ni ombi: Mungu amrehemu. Waarabu huomba kana kwamba jambo limekwisha kupatikana.

Hatari inaingia ukitanguliza "la", neno la kukanusha. Kitenzi cha wakati uliopita kikiwa katika dua ya heri, "la" hukigeuza kuwa apizo. Umeulizwa kama unahitaji chochote, ukataka kusema hapana kwa heshima, ukatamka mfululizo "la rahimaka Llah": umemwambia mwenyeji wako Mungu asimrehemu. Alama ya mkato baada ya "la" inasaidia ukiandika, lakini mdomoni hupotea upesi. Kwa hiyo watu wa balagha, elimu ya ufasaha, wanataka uweke wau ("wa", yaani "na") hata pale ambapo kanuni za kawaida zisingeiruhusu: *la, wa rahimaka Llah*.