Mtoto Anaposimulia: Tunayomsingizia na Yaliyo Kweli

Msimulizi mtoto husingiziwa mengi. Wapo wasomaji wanaomwita mwongo, wapo wanaomwona mjinga, na wapo waandishi chipukizi wanaomfanya njia ya mkato. Mimi nampenda kuliko wasimulizi wote, kwa hiyo nitamtetea, nikianza na tuhuma iliyo nzito zaidi.

"Msimulizi asiyeaminika ni mwongo"

Sivyo. Istilahi hii aliileta mhakiki wa Marekani, Wayne C. Booth, mwaka 1961, na tangu mwanzo haikuhusu uongo peke yake. Alichokitazama ni umbali uliopo kati ya msimulizi na misimamo ya kazi yenyewe. Baadaye mhakiki mwingine, James Phelan, alilichambua jambo hili kwa namna inayotusaidia sana: msimulizi hueleza kilichotokea, hukifasiri, na hukipima kama ni chema au kibaya. Anaweza kuaminika katika moja ya hayo matatu na kuyumba katika jingine. Mtoto mara nyingi huwa hapo. Macho yake ni mazima, ila tafsiri yake haifiki mbali.

Mtazame Jack, mvulana wa miaka 5 anayesimulia *Room*, riwaya ya Emma Donoghue ya mwaka 2010. Amezaliwa katika chumba alimofungiwa mama yake na hajawahi kutoka humo. Mtekaji akija usiku, Jack huwa kabatini, anahesabu kitanda kinavyolia. Anahesabu kwa makini, haongezi chumvi, hafichi kitu. Hajui tu anachokihesabu, na sisi tunakijua. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda. Lau angesimulia mama, angelitaja jambo kwa jina lake, na jina lile lingetukinga kidogo. Mtoto hana cha kutukinga nacho.

Lijaribu hili mwenyewe kwa sentensi mbili: "Baba alirudi usiku akalala mlangoni na viatu vyake. Mama akasema tucheze mchezo wa kunyamaza, nami nikashinda." Hakuna neno la uongo hapo. Sasa ongeza "nikajua amelewa tena." Papo hapo mtoto ametoka jukwaani na mwandishi ameingia kutufafanulia. Maneno matatu tu yanatosha kumharibu.

"Akikosea, ni kwa kuwa akili yake ni ndogo"

Riwaya za leo zimerithi jibu la tuhuma hii kutoka kwa Mark Twain na *Adventures of Huckleberry Finn* ya mwaka 1884. Huck, mvulana anayeisimulia, anaamini kwamba kumsaidia Jim kutoroka utumwani ni dhambi itakayompeleka motoni, na bado anaamua kumsaidia. Hukumu anayojipa ni potofu kabisa. Lakini upotofu huo hakuuzua yeye; amelishwa na watu wazima waliomlea, wenye heshima zao. Anayeamua kwamba kijana huyu ni mjinga anamwachia mkosaji aende zake.

Hapa pia ndipo mtoto anapoachana na mtu mzima asiyeaminika. Mtu mzima kwa kawaida hujificha asilione jambo ambalo moyoni analijua. Mtoto bado hajalijua.

"Lugha ya mtoto ni nyepesi, ndiyo maana ni rahisi kuiandika"

Birahima, askari mtoto katika *Allah n'est pas obligé* ya Ahmadou Kourouma, iliyotoka mwaka 2000, anatembea na kamusi nne. Kila akifika kwenye neno gumu hulifafanulia kwenye mabano, kisha hutukana, kisha huendelea kutupitisha katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Jack naye huviita vitu vya chumbani kama mtu anavyoita jina la ndugu yake, kwa sababu katika dunia yake kitanda ni kimoja, zulia ni moja. Hawa wote ni watoto, na ndimi zao hazikutani popote.

Kwa hiyo mwandishi hana kapu la maneno ya kitoto la kuchotea. Kila neno linahitaji kuulizwa: mtoto huyu amelisikia wapi? Akitamka neno kubwa kwa kulikosea, tunajua kuna mtu mzima aliyelisema karibu yake, pengine kwa hasira, pengine nyuma ya mlango. Kosa hilo moja linatuonyesha nyumba nzima.

"Kitabu kinachomhusu mtoto kinasimuliwa na mtoto"

Hili ni kosa la haraka tu, lakini linarudiwa mno. *The Boy in the Striped Pyjamas* ya John Boyne, ya mwaka 2006, imeandikwa kwa nafsi ya tatu. Tunaona kupitia macho ya Bruno, ila sauti si yake. Katika *To Kill a Mockingbird* ya Harper Lee, ya mwaka 1960, anayezungumza ni Scout aliyekwisha kukua, anakumbuka. Mtu mzima anayekumbuka amepata muda wa kuchagua cha kusema na cha kuacha, kwa hiyo msome kama mtu aliyechagua.

"Basi mtoto hasemi uongo"

Wanaomtetea mtoto kupita kiasi huishia hapa, na hainipendezi. Kumfanya malaika ni kumnyima utu. Mtoto hudanganya kwa kuogopa kipigo, kwa kumlinda mzazi, kwa kumwonea mdogo wake wivu, na riwaya nzuri humwacha adanganye. Dalili zake zimo kwenye usimulizi wenyewe: anaeleza mno asichoulizwa, au anairuka siku nzima kana kwamba haikuwapo. Msichana akinieleza mara tatu kwamba siku ile hakukaribia kisima, mimi hurudi kurasa kadhaa nyuma kutafuta alipofika nyumbani, nione kama nguo zake zilikuwa zimelowa.