Lami nyembamba sio lazima wizi, na nshachoka kueleza

Nimetumiwa tena ile picha. Kipande cha lami kimeng'oka, mtu kakipima kwa rula, sentimita mbili, chini kaandika "oneni wanavyotuibia". Kazi yangu ni matengenezo ya barabara za jiji na hii habari nimeisikia hadi kwenye misiba, kwa hiyo leo naiandika, kesho mtu akinitumia nampa linki tu.

Kama barabara ni ya lami nyepesi, sentimita mbili inawezekana kabisa ndivyo mchoro wa barabara ulivyosema. Lami nyepesi ni kwamba unamwaga lami ya moto, unamwaga kokoto juu, unapitisha rola, unarudia mara ya pili, umemaliza. Unene wake ni wa kokoto zenyewe, hakuna aliyekata kitu hapo. Na hiyo lami haibebi gari. Narudia, HAIBEBI GARI. Ile ni bati, sio nguzo. Kazi yake ni kuzuia maji yasishuke, kuzuia vumbi, na kuipa tairi mahali pa kushika. Mzigo unabebwa na matabaka ya chini, kokoto na kifusi kilichoshindiliwa, na chini kabisa udongo wa asili ambao hakuna mtu aliuchagua. Barabara ya malori ni habari nyingine, kule inawekwa lami nzito na ile inabeba kweli, ikipunjwa piga kelele na mimi nitakuunga mkono.

Wizi upo, sijasema haupo. Ila mtu anayejua hii kazi hawezi kuiba juu ambapo kila mwenye rula anapima. Anaiba kwenye pasi za rola, yaani mara ngapi rola inapita juu ya kifusi. Anaiba kwenye maji, maana kifusi kikishindiliwa kikavu hakishikani hata ukipitisha rola mpaka usiku. Analeta kifusi cha karibu ambacho hakijafika maabara, kinafunikwa, na kikishafunikwa mbishane mpaka mchoke.

Sasa shimo linatoka wapi. Maji. Yanapita kwenye ufa, au yanaingia kwa ubavuni kutoka mtaro uliojaa takataka, yanakaa chini ya lami. Lori linapita linayakandamiza, hayana pa kwenda, yanaruka juu kupitia ule ufa na yanabeba unga laini wa tabaka la chini. Kila lori linatoa kidogo, mwisho kunabaki uwazi, lami inaning'inia, siku moja inakatika na wewe unasema shimo limetokea jana. Halijatokea jana. Mvua ikikatika na barabara ikaanza kukauka, inama uangalie kingo za nyufa, utaona tope jepesi limekauka pembeni kama mtu kalimwaga kwa kijiko. Lami hapo bado nzima, gari linapita vizuri, ila chini pameshaanza kuwa tupu.

Kwa hiyo dawa ni mtaro, na hapa ndo ofisi inapokuja kuchosha. Bajeti ya lami iko kwetu, kuzoa taka kwenye mtaro ni idara nyingine, na mwenye nyumba kaufunika kwa zege apate njia ya kuingiza gari, chini kaacha kibomba ambacho mfuko mmoja wa plastiki unakiziba. Ukimwandikia barua anakwenda kwa diwani. Ukiomba hela ya kuzibua mitaro unaulizwa mradi uko wapi, maana mtaro uliozibuliwa hauna utepe wa kukata. Hela zenyewe zikitoka zinatoka mwaka wa fedha unaisha, tunaziba mashimo na mvua ishaanza.

Malori nayapitia haraka. Marekani walifanya jaribio kubwa Ottawa, Illinois, mwaka 1958 hadi 1960, wakaendesha malori kwenye vipande vya barabara mpaka vikaharibika, ikaonekana uharibifu unapanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Ekseli ya tani 10 inaumiza kama 10,000 za tani 1, yaani 10 mara 10 mara 10 mara 10. Gari lako dogo halina kesi. Ila niseme ukweli, ule ni udongo wa sehemu moja na baridi ya sehemu moja, na kipeo kinabadilika ukibadilisha barabara, sisi tunakiingiza kwenye hesabu kama kimeshuka mbinguni. Na maabara tunaloweka sampuli ya udongo siku 4 ndo tunapima nguvu yake, wakati najua barabara zilizokaa na maji pembeni msimu mzima. Siku 4 ni makubaliano tu jamani.

Lingine linalonipandisha presha ni "mbona mmekata shimo likawa kubwa zaidi afu mkaondoka". Tunakata kwa sababu ubovu wa chini ni mpana kuliko shimo unaloliona, na kingo zikiwa za mteremko kiraka kinang'oka, zikatwe wima, zifagiliwe, zipakwe lami ya kushikisha, ndo ujaze na kushindilia. Kuondoka ni kweli tunaondoka. Mashine ya kukata ni yetu lakini lami inatoka kwenye mtambo, na mwenye mtambo hawashi moto kwa ajili ya tani mbili, tunasubiri mpaka oda zijae. Na kuna viraka vya kutupia tu na kupitisha tairi la lori ambavyo vimedumu kuliko vile vya kitabu, kama lami yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo silisemi mbele ya vijana wa field.

Halafu kuna watu wa mabomba. Wanachimba, wanarudisha udongo wote kwa mkupuo badala ya kushindilia tabaka kwa tabaka, wanasaini fomu kwamba wamerudisha barabara kama ilivyokuwa. Mvua mbili tatu panazama mstari mmoja mrefu, umenyooka, upana uleule wa handaki lao, na picha inakuja kwangu na rula juu yake.