Bunduki Moja kwa Pori Zima: Kwa Nini Bado Nabeba .375

Kila mwaka msimu ukikaribia kufunguliwa, vijana wanaojifunza kazi ya uwindaji bingwa huniuliza swali lile lile: nikiwa na pesa ya bunduki moja tu, ninunue ipi? Jibu langu halijabadilika tangu nianze kuongoza wageni kwenye vitalu vya miombo. Nunua .375 H&H (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi) ya bolti, ile komeo unayoivuta na kuisukuma kwa mkono, yenye ukucha mpana wa kunasa risasi wa aina ya Mauser.

Anza na pori lenyewe. Alfajiri mnatoka kambini kumtafuta palahala. Saa nne nyayo zinawapeleka kwenye korongo lenye majani mabichi, na humo ndani kuna nyati dume amelala peke yake. Hamkumfuata yeye, lakini ndiye aliye mbele yenu. Ukiwa na .30-06, una bunduki safi kabisa ya swala pala, ngiri na kongoni, na mimi mwenyewe naipenda. Ila dume yule anaweza kufika kilo 700, na kwa mnyama hatari kama yeye kanuni zetu Tanzania zinaanzia .375. Mwenzako aliyebeba .458 atakuwa na amani korongoni. Jioni sasa, tohe amesimama ng'ambo ya mbuga, mita 220, hakuna hata kichuguu cha kujifichia umkaribie, na risasi ile nzito inashuka haraka kiasi kwamba unabaki kukisia.

.375 inaziweza kazi zote mbili. Kichwa cha risasi cha grain 300, yaani gramu 19 na kitu, kinatoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni kama joule 5,800. Ya .30-06 kwa kawaida haifiki 4,000. Ukiirekebisha ipige katikati kwenye mita 180, ikifika mita 270 itakuwa imeshuka kama sentimita 30. Kipimo hicho mtu anakikariri mara moja, na porini hana haja ya kupiga hesabu. Wapo wanaodai inaharibu nyama ya wanyama wadogo. Nimechuna wengi, na kinachoharibu nyama zaidi ni risasi nyepesi inayokwenda kasi. Kwa nsya mimi hutumia risasi ngumu isiyofunguka. Inapita, inaacha tundu dogo, basi.

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912. Ishike risasi yake kiganjani uione. Ganda halikunyooka kama bomba, linapungua taratibu kutoka kitakoni kwenda shingoni, na bega lake limelala mno hata kidole kinateleza juu yake bila kukwama. Umbo hilo lina sababu. Baruti ya enzi hizo ilikuwa nyuzi nyuzi kama tambi, na kwenye nchi za joto msukumo wake ulipanda sana. Ganda lililonyooka likivimba kwenye chemba yenye moto, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, linang'ang'ania. Hili likisogea kidogo tu linaachia. Na kwa kuwa bega limelala, haliwezi kutegemewa kulikomesha ganda mahali pake ndani ya chemba; ndiyo maana wakaweka ule ukanda wa shaba kitakoni. Baruti imebadilika, lakini jua la Oktoba ni lile lile, na ganda hili bado linaingia na kutoka kama limepakwa mafuta.

Sasa ukucha. Hapa nawaomba vijana wanisikilize, kwa sababu ndipo watu wanapobana pesa. Kwenye bolti ya Mauser ya mwaka 1898, na bunduki zilizoiga muundo wake, ukucha unaishika risasi mara inapotoka kwenye magazini na hauiachii mpaka irushwe nje. Kuna bolti nyingine ambazo zinaisukuma tu mbele, na ukucha hunasa pale tu unapofunga kabisa.

Mgeni mmoja alikuja na bunduki ya aina hiyo ya pili, nzuri kwa macho, bei kubwa. Alimpiga nyati nyuma kidogo ya mapafu. Kwa hofu akaisukuma bolti bila kuifunga, akaivuta tena, akasukuma nyingine. Risasi ya kwanza ilikuwa imebaki ndani ya chemba, ya pili ikaigonga kitakoni, zikakwama. Nyati akaingia kwenye matete. Msaka nyayo wetu, mzee wa miaka mingi, akainama, akagusa damu, nyeusi, imechanganyika na majani ya tumboni. "Hii ni ya tumbo, mwanangu," akaniambia. "Tukae kwanza." Tulikaa. Tulimpata jua likizama, na mnyama alikuwa ameteseka saa tano. Sijaisahau siku ile, na ndiyo maana nasema ukucha kwanza, urembo wa kitako cha bunduki baadaye.

Unapoinunua, nenda na risasi za mazoezi zisizo na baruti. Jaza magazini, ziingize pole pole, kisha kwa nguvu, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Ikisita hata mara moja, irudi kwa fundi kabla haijaenda porini. Darubini nayo iwe ndogo, ya kukuza mara 1.5 hadi 5, inayotolewa haraka juu ya bunduki, na shabaha ya chuma iwepo chini yake.

Teke lake lipo, karibu mara mbili ya .30-06, lakini mtu wa kawaida analizoea. Ukitaka kujua kama hujalizoea, mwambie mwenzako akuchanganyie risasi ya mazoezi katikati ya zile za kweli. Ukifyatua hiyo na mtutu ukaanguka mbele, ujue unaiogopa bunduki yako, na mnyama ndiye atakayelipa.

Nikimfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya kichaka, hapo nabeba .458. Umbali ni hatua kumi, na kazi ni moja tu: kumsimamisha. Siku nyingine zote ni .375, na kila alfajiri naijaza vile vile: juu risasi laini inayofunguka, mbili ngumu chini yake, chemba ikiwa tupu mpaka tushuke garini kuanza kufuata nyayo.